Droni ya gramu 249 nayo ni ndege: mkanganyiko wa vibali na anga ya Uganda

"Mjomba, hii ina gramu 249 tu. Haihitaji kibali popote duniani."

Mpwa wangu anafanya kazi Sharjah, na Desemba anatarajia kuja Mukono kwenye kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa) ya dada yake. Aliponipigia alikuwa dukani, droni ya kamera iko kwenye kaunta na muuzaji anamsubiri. Alitaka neno moja tu: anunue, au asinunue. Nilimwomba atoke nje kwanza tuzungumze. Mazungumzo yalichukua karibu saa nzima, na maswali yake yalikuwa yale yale ninayoulizwa kila wiki na wapiga picha wenzangu Kampala, na vijana wa steji ya bodaboda, hata na mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji. Droni ni halali au si halali? Mbona fulani alirusha harusini na hakuguswa? Mbona mwingine alizuiliwa Entebbe na yake ikiwa bado kwenye boksi? Nikishalipa ushuru, bado kuna nini?

Maswali haya yana mzizi mmoja. Sisi tukiiona droni tunaona kamera iliyopata njia ya kupanda juu, na kamera kila mtu anayo mfukoni. Sheria haianzii kwenye kamera. Kanuni za usafiri wa anga za Uganda za mwaka 2020 zinakiita chombo hiki ndege inayoongozwa kwa mbali, na anayeshika rimoti zinamhesabu kuwa rubani. Ukilishika neno hilo, ndege, mengi yanayoonekana kama usumbufu wa maofisa yanaanza kueleweka.

Tuanze na chombo chenyewe. Droni ndogo ya kawaida ina mota nne, kila moja imefungwa panga lake. Mapanga mawili yanayotazamana kimshazari huzunguka upande mmoja, na mawili mengine huzunguka upande wa pili. Yangezunguka yote upande mmoja, mwili mzima ungejizungusha hewani kama pia ya mtoto. Kompyuta ndogo iliyo ndani hurekebisha kasi ya kila mota mara mamia kwa sekunde. Setilaiti za GPS huiambia iko wapi, na kipima kanieneo cha hewa huiambia imepanda kiasi gani. Ndiyo maana ukiachia rimoti haianguki. Inatulia palepale kama nyuki mbele ya ua.

Utulivu huo ndio unaotudanganya. Helikopta ya kweli huchukua miezi mingi kujifunza, lakini hii mtoto wa miaka kumi anaimudu kwa dakika kumi. Tunadhani kwa kuwa ni rahisi kuirusha, basi ni kitu chepesi pia mbele ya sheria.

Niseme hapa, kwa kuwa vijana wengi huuliza: haihitaji bando. Rimoti na droni huzungumza moja kwa moja kwa mawimbi ya redio, masafa yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi. Simu yako ni kioo cha kutazamia tu, na GPS ni bure. Data itahitajika kupakua ramani au kusasisha programu, basi.

Sasa kibali. Watu wengi wanaamini kwamba suala la vibali vya droni ni la Uganda peke yake, kwamba ni woga wa serikali yetu. Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, ambao nchi karibu zote duniani zimeukubali, ulitiwa saini Desemba 1944. Ibara yake ya 8 inasema ndege inayoweza kuruka bila rubani ndani yake isiruke juu ya nchi bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Mwaka 1944! Hakuna aliyekuwa akiota droni ya kukunjwa mfukoni. Kanuni ya kuomba ruhusa kwanza ni ya zamani kuliko chombo chenyewe, na ni ya zamani kuliko uhuru wetu.

Sababu yake unaiona ukisimama Kajjansi asubuhi. Uwanja ule mdogo ulio kati ya Kampala na Entebbe hurusha vindege vinavyopeleka watalii Kihihi, Kasese, Pakuba na Kidepo. Havipandi juu mara moja kama ndege kubwa. Vinapita chini na vina injini moja au mbili, na rubani wake hawezi kukiona kitu chenye ukubwa wa kiganja kinachomjia mbele. Ongeza helikopta, ambazo zaweza kutua popote penye uwazi. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha futi 400, takriban mita 120, kwa droni ndogo ili pabaki nafasi ya hewa kati yake na ndege zenye watu. Desemba 2018 ripoti za kuonekana kwa droni karibu na uwanja wa Gatwick, Uingereza, zilisimamisha safari za abiria wapatao 140,000. Hakuna ndege iliyogongwa. Shaka peke yake ilitosha kuufunga uwanja.

Na kuna upande wa usalama, ambao Uganda haiwezi kuupuuza. Vita vya Ukraine, Sudan na mashariki mwa Kongo vimeonyesha kwamba chombo kile kile kinachopiga picha ya keki ya harusi kinaweza kubeba bomu. Askari anayelinda jengo Kampala hana namna ya kujua kwa macho kilicho juu yake ni cha nani. Simlaumu akishtuka. Akikujia, tua kwanza, zima, kisha mweleze kwa utulivu. Askari wetu wengi Kiswahili wanakijua vizuri, na maneno ya upole katika lugha anayoijua humtuliza mtu. Usiendelee kurusha huku unajibizana naye.

Nilimweleza mpwa wangu vibali kwa mfano wa bodaboda, maana anaujua vizuri. Ukinunua pikipiki na ukapewa risiti, umepata kitu kimoja: pikipiki ni mali yako. Bado haina namba. Ukipata namba, wewe mwenyewe bado huna permiti. Ukipata permiti, bado huwezi kwenda kuegesha kwenye steji ya watu bila kukubaliwa. Ni mambo manne, na hakuna moja linalofidia jingine. Kwa droni, jambo la kwanza si risiti hata kidogo. Ni kuiingiza nchini. Mlango huo unahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA, pamoja na kibali cha usalama kutoka upande wa Wizara ya Ulinzi, na inafaa viwe mkononi kabla begi halijafika kwenye mashine ya ukaguzi. Hapa ndipo wengi wanapokwama Entebbe, Malaba na Busia. Hawakuwa wahalifu. Walidhani maombi hufanywa baada ya kufika.

Baada ya hapo linakuja suala la chombo kutambuliwa na mamlaka, kisha mtu anayekirusha, kisha mahali na kazi inayofanywa. Mbuga za wanyama zina mwenyewe, Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, na kibali cha UCAA hakikufungulii lango la Bwindi wala Murchison. Huko sababu ni nyingine kabisa. Tembo wanaogopa nyuki, na mvumo wa mapanga manne madogo haukai mbali na mvumo wa nyuki. Kundi lenye ndama likikimbia kwa hofu kwa ajili ya video ya sekunde ishirini, aliyerusha amefanya ubaya, awe na karatasi au asiwe nazo.

Na ushuru? URA, mamlaka ya mapato, inakusanya kodi ya bidhaa. Stakabadhi yake inathibitisha umelipa kodi, kama vile kulipia kodi ya pikipiki kusivyokupa permiti. Vivyo hivyo barua ya LC1. Ni adabu nzuri sana kumwarifu mwenyekiti na majirani kabla ya kurusha, na mimi husisitiza ifanyike, lakini mwenyekiti hana mamlaka juu ya anga.

Turudi kwenye gramu 249, maana huu ndio uvumi unaowaponza watu wengi kuliko mwingine wowote. Namba hiyo imetoka Marekani na Ulaya. Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha tu halazimiki kusajili droni isiyozidi gramu 250. Watengenezaji wakaliona pengo hilo, wakaunda droni ya gramu 249, na wengine wakaichapisha namba yenyewe ubavuni mwa chombo. Video za mtandaoni zikaeneza habari bila kusema ni sheria ya nchi gani. Hata huko kwao msamaha ni mwembamba kuliko unavyosimuliwa. Marekani ukilipwa hata shilingi kwa kazi hiyo, lazima usajili, droni iwe nyepesi namna gani. Ulaya, droni ndogo yenye kamera humlazimu mrushaji ajisajili ingawa haifiki gramu 250, isipokuwa iwe ya kuchezea watoto. Na popote pale wepesi haukuruhusu kurusha karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo mtu anayeshuka Entebbe akimwambia ofisa wa forodha "ina gramu 249", anamsomea sheria ya nchi ya watu.

Uzito wenyewe tusiudharau. Chukua robo kilo ya sukari, panda nayo ghorofa ya kumi, iachie juu ya soko la Owino saa sita mchana. Kisha iongezee mapanga yanayozunguka.

Uvumi wa pili nimeusikia kwa mzee mmoja mwenye shamba Masaka. "Ardhi ni yangu, nina hati. Hewa iliyo juu yake ni ya nani kama si yangu?" Ni swali la haki, na mtu asilicheke. Nilimjibu kwa kumuuliza kuhusu dhahabu. Ukichimba choo nyumbani kwako Busia ukakuta dhahabu, ni yako? Hapana. Ibara ya 244 ya Katiba yetu inaweka madini na mafuta mikononi mwa serikali kwa niaba ya nchi, na watu wa Bunyoro wamelijua hilo tangu mafuta yalipogunduliwa kwao. Hati ya ardhi haishuki hadi kwenye mafuta, wala haipandi hadi mawinguni. Unaweza kumkataza mtu asisimame shambani kwako kurusha, lakini ruhusa ya kupita angani haitoki kwako.

Mzee hakufurahi sana, ila alielewa.

Uvumi wa tatu ni wa kamera, na huu huwatia watu hofu ya kweli, hasa akina mama. Wanasema droni inasikia maneno, inaona ndani ya nyumba, inamtambua mtu kutoka mawinguni. Kuhusu sauti, droni ndogo za kamera kwa kawaida hazirekodi sauti kabisa, kwa sababu kipaza sauti kilicho kando ya mapanga kingenasa kelele ya mapanga tu. Kupitia kuta haioni, kwa kuwa kamera yake hutumia mwanga kama ya simu. Kuhusu nyuso, tupige hesabu. Lenzi yake kwa kawaida ni pana. Ikiwa mita 100 juu na kuangalia chini, inaona eneo lenye upana wa mita 150 hivi. Video ya 4K hugawa upana huo kwa nukta 3,840, kwa hiyo kila nukta inabeba karibu sentimita nne za ardhi. Uso wa mtu, wenye upana wa sentimita 15, unapata nukta nne. Kwa nukta nne humtofautishi shangazi na ndoo. Lakini ishushe hadi mita kumi, na uso ule ule unapata nukta karibu 40. Sasa anajulikana.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha jirani wa kuhofiwa ni yupi. Droni iliyo juu sana haikuoni wewe. Inayoning'inia juu ya ukuta wako wakati unaoga nje ndiyo tatizo, na hapo sheria haimlindi mrushaji. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, na tangu 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha. Kibali cha kurusha si kibali cha kuchungulia.

Kuna jambo ambalo sheria haikufundishi, na nalijua kwa sababu nilikuwepo. Tulikuwa kwenye kwanjula moja, nyumba iko bondeni, kilima kinapanda nyuma yake. Mwenzangu, mwenye karatasi zake zote, alikuwa akirusha na mimi nikiwa msaidizi. Alitaka kuunasa msafara wa magari ya upande wa bwana harusi ukija, ukiwa bado ng'ambo ya kilima. Droni ikavuka kwa kuzunguka ubavu wa kilima, ikashuka kuufuata msafara, na mara kioo kikaganda. Kilima kilikuwa kimekata mawimbi ya rimoti.

Watu hudhani droni ikipoteza mawasiliano huanguka. Ingekuwa heri wakati mwingine. Inachofanya ni kurudi nyumbani yenyewe. Inapanda hadi kimo ulichoipangia, kisha inakuja kwa mstari ulionyooka hadi ilipopaa. Kimo kile tulikuwa tumekiweka mita 30. Mita 30 juu ya nini? Juu ya pale ilipopaa, yaani juu ya ua wa nyumba bondeni. Kilima pamoja na mivule iliyoota juu yake kilizidi hapo. Droni ndogo nyingi hazina macho ya mbele ya kukwepa kizuizi, na hata zenye nayo hazioni vizuri matawi membamba na nyaya za umeme. Tuliisikia kabla ya kuiona: mlio wa mapanga ukikatakata majani, kisha kimya. Vipande viliangukia kwenye migomba, mahali ambapo dakika chache tu kabla akina mama walikuwa wamechutama wakimenya matooke. Bakuli la maganda lilikuwa bado pale. Nimeliona bakuli lile mara nyingi usiku tangu siku hiyo.

Kampala ni mji wa vilima, na kimo kati ya bonde na kilele chaweza kuzidi mita 100. Kabale, Kisoro na Kasese ndiyo zaidi. Namba unayoiona kwenye kioo haipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni, inapimwa kutoka miguuni pako ulipoanzia. Kwa hiyo ukipaa bondeni ukaelekea mlimani, kioo kinasema mita 80 na ukweli ni mita tano. Ukipaa kileleni ukaelekea bondeni, kioo kinasema mita 100 na ukweli ni zaidi ya mia mbili, njia ya helikopta. Kabla ya kila mruko tazama kitu kirefu kuliko vyote kilicho karibu, mti, mnara wa simu au kilima chenyewe, na upange kimo cha kurudi kiwe juu ya hicho. Ikiwa hapo utavuka kikomo cha kimo, basi eneo hilo halifai kurushwa hivyo. Tafuta pembe nyingine.

Upepo nao una hesabu yake. Tuseme droni inaweza kwenda kilomita 36 kwa saa, na upepo unavuma kilomita 18. Ukienda na upepo unakwenda 54. Kurudi, 18 tu. Kilomita moja uliyoimaliza kwa dakika moja na kidogo itakugharimu zaidi ya dakika tatu kurudi, na betri haikujua hilo wakati inakuonyesha asilimia 60. Kwenye Ziwa Victoria hili huwapata wanaotaka picha za mitumbwi wakati jua linachomoza. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, lakini usiku hadi alfajiri hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Droni inatoka kwa urahisi, inarudi kwa taabu, na chini ni maji.

Ndege wenyewe nao wamo. Mwewe wa Kampala hulishambulia lolote linaloingia kwao, na korongo wakubwa, wale Waganda huwaita kalooli, hupanda na hewa ya joto mchana kwa makundi. Ukiwaona wakizunguka, shuka.

Mpwa wangu aliniuliza mwishoni kama programu ya droni si ingemzuia kama mahali haparuhusiwi. Zamani baadhi zilizuia kwa kiasi. Lakini Januari 2025 DJI, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, aliondoa uzuiaji wa lazima kwa wateja wa Marekani na kuacha maonyo tu. Kioo kikikuruhusu kupaa kina maana mota ziko tayari. Sheria ya Uganda haimo mle ndani.

Akauliza pia kuhusu kununua ya mkononi hapa Kampala badala ya kuja nayo. Inawezekana, ila muuzaji aonyeshe karatasi za kuingizia nchini zenye namba ileile iliyo kwenye chombo, na aitoe kwenye akaunti yake ukiwa umesimama naye, maana droni iliyofungwa kwa akaunti ya mwingine inaweza kukukatalia. Pitisha kidole pembeni mwa kila panga kutafuta ufa. Betri iliyovimba, hata kidogo tu, usiichukue kwa bei yoyote. Na anayesafiri na betri aziweke kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo unaoenda tumboni mwa ndege.

Droni ya Sharjah imebaki dukani. Muda uliobaki hadi Desemba ni mfupi kwa vibali viwili, na mpwa wangu ameamua kuanza maombi sasa kwa ajili ya mwaka ujao, akiambatisha aina ya chombo na kazi anayokusudia. Kwa kwanjula ya dada yake ameniomba nimtafutie mrushaji wa hapa mwenye kibali, na nimeshampata mmoja. Jumamosi tunakwenda Mukono naye kuutazama ule ua, na kuupima mti ulio nyuma ya nyumba.